Sukari Kabla Haijawa Kisukari: Usugu wa Mwili dhidi ya Insulini

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa utaweza:
(a) kueleza jinsi mwili unavyodhibiti kiwango cha glukosi katika damu;
(b) kufafanua usugu wa mwili dhidi ya insulini na hali ya kabla ya kisukari;
(c) kusoma na kutafsiri majibu ya vipimo vya sukari;
(d) kueleza, kwa sababu za kibaiolojia, hatua zinazoweza kuzuia kisukari cha aina ya 2.

1. Utangulizi

Tuanze na mfano. Bibi mmoja wa kijiji cha wilaya ya Bahi amekwenda kituo cha afya kupima shinikizo la damu. Kwa kuwa alikuwa hajala tangu usiku, muuguzi akamtoboa kidole na kumpima sukari pia. Amerudi nyumbani na kikaratasi kilichoandikwa 6.5. Mjomba anasema, "Basi mama ana kisukari." Shangazi anabisha: "Hana. Mwenye kisukari mkojo wake hujaa sisimizi." Kisha kikaratasi kinapitishwa mpaka kwako, kwa sababu ndani ya nyumba hiyo wewe ndiye unayesoma Baiolojia.

Utawajibu nini? Mjomba amekosea, na shangazi naye amekosea. Mada hii itakuonyesha ni kwa nini. Jibu utakalompa bibi ni lilelile utakaloandika kwenye chumba cha mtihani.

2. Mwili wenye afya unavyodhibiti glukosi

Udhibiti wa glukosi ni mfano wa homeostasisi, yaani uwezo wa mwili kudumisha hali yake ya ndani bila kuyumba sana. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

(i) Bibi anakula ugali wa uwele kwa mlenda. Wanga wa ugali unavunjwavunjwa na vimeng'enya, kuanzia amilesi ya mdomoni, mpaka unakuwa glukosi.

(ii) Glukosi inafyonzwa katika utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Kiwango cha glukosi katika damu kinapanda.

(iii) Seli beta zilizo katika visiwa vya Langerhans ndani ya kongosho hutambua ongezeko hilo na kutoa homoni iitwayo insulini.

(iv) Insulini husafiri kwenye damu na kujishika kwenye vipokezi vilivyo juu ya utando wa seli za misuli na za mafuta. Ishara inapita ndani ya seli, na protini za kubebea glukosi husogea kutoka ndani ya seli hadi kwenye utando. Glukosi inaingia.

(v) Katika ini, insulini huamuru glukosi ihifadhiwe kama glikojeni, na huliambia ini lipunguze kutengeneza glukosi mpya.

(vi) Kiwango cha glukosi kinashuka hadi kawaida, na kongosho hupunguza utoaji wa insulini. Huu ndio mrejesho hasi.

Glukosi ikishuka mno, kwa mfano mtu akikaa muda mrefu bila kula, seli alfa za kongosho hutoa glukagoni, na ini huvunja glikojeni kuwa glukosi.

*Zingatia:* Seli za ubongo huchukua glukosi bila kutegemea insulini kama zinavyotegemea seli za misuli. Usiandike kwamba "kila seli ya mwili huhitaji insulini ili ipate glukosi".

3. Usugu wa mwili dhidi ya insulini ni nini?

Fikiria insulini kama mgeni anayebisha hodi mlangoni akiwa amebeba mzigo wa chakula. Katika seli yenye afya, hodi moja inatosha: mwenyeji anaitika karibu, mlango unafunguliwa, glukosi inaingia. Katika seli yenye usugu, hodi inasikika kwa mbali. Mgeni anabisha mara ya pili, ya tatu, kisha wanakuja wageni wengine kumsaidia kubisha. Mwishowe mlango unafunguliwa, lakini kwa kazi kubwa.

Kwa lugha ya Baiolojia: *usugu wa mwili dhidi ya insulini ni hali ambapo seli za misuli, ini na mafuta haziitikii kiwango cha kawaida cha insulini, hivyo mwili hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kupata matokeo yaleyale.*

Chanzo kikubwa ni mafuta kujilimbikiza mahali pasipostahili: ndani ya ini, ndani ya misuli, na kuzunguka viungo vya tumboni. Mafuta hayo huvuruga ishara ya insulini baada ya kipokezi. Insulini imefika na imejishika vizuri, lakini ujumbe unafifia ndani ya seli. Nasaba, umri mkubwa, kutofanya kazi za mwili, usingizi haba na historia ya kisukari wakati wa ujauzito huongeza uwezekano wa hali hii. Kwa hiyo hata mtu mwembamba anaweza kuipata.

*Zingatia:* Usichanganye usugu huu na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Katika usugu wa dawa, bakteria wenye mabadiliko ya kinasaba hunusurika na kuzaliana. Hapa hakuna kimelea. Ni seli za mwili wenyewe zilizopunguza mwitikio wake kwa homoni ya mwili wenyewe. Ndiyo maana hali hii haiambukizi.

4. Kutoka afya hadi kisukari: hatua tatu

*Hatua ya kwanza: fidia.* Seli zimeanza kuwa na usugu, lakini kongosho linatoa insulini nyingi na kufidia. Ukipima sukari utaona ni ya kawaida kabisa. Tatizo lipo, ila kipimo cha sukari hakilioni.

*Hatua ya pili: kabla ya kisukari.* Seli beta zimeanza kuchoka. Insulini bado ni nyingi, lakini haitoshi kushinda usugu. Sukari inapanda juu ya kawaida bila kufikia kiwango cha kisukari. Kwa kawaida mtu hasikii chochote: hana kiu isiyo ya kawaida, hapungui uzito, haamki usiku mara kwa mara kukojoa. Wachache huona ngozi ya shingo au ya makwapa ikiwa nyeusi na nene kama mahameli.

*Hatua ya tatu: kisukari cha aina ya 2.* Seli beta zimeshindwa kufidia. Sukari iko juu wakati wote, na baada ya muda huharibu mishipa ya damu, macho, figo na neva.

Linganisha na kisukari cha aina ya 1. Huko kinga ya mwili hushambulia seli beta, na insulini hukosekana karibu kabisa. Katika aina ya 2, tatizo huanzia kwa seli zinazopaswa kuipokea. Tofauti hii ilielezwa mwaka 1936 na daktari Mwingereza Harold Himsworth. Hiyo ilikuwa miaka 15 baada ya insulini kugunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best. Himsworth alionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa kisukari huitikia insulini vizuri, na wengine huiitikia kwa shida.

5. Kusoma majibu ya vipimo

Viwango vifuatavyo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) viko katika milimoli kwa lita. "Kabla ya kula" maana yake ni kutokula kwa muda usiopungua saa 8. "Baada ya saa 2" maana yake ni saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji.

| Hali | Kabla ya kula | Baada ya saa 2 |
|---|---|---|
| Kawaida | chini ya 6.1 | chini ya 7.8 |
| Kabla ya kisukari | 6.1 – 6.9 | 7.8 – 11.0 |
| Kisukari | 7.0 au zaidi | 11.1 au zaidi |

Chama cha kisukari cha Marekani huanza kuhesabu hali ya kabla ya kisukari mapema zaidi, kwenye 5.6 kabla ya kula. Baadhi ya mashine husoma kwa miligramu kwa desilita. Ili kubadili, zidisha milimoli kwa 18. Hivyo 6.5 ya bibi ni 6.5 × 18 = 117.

Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu kwa kuangalia glukosi iliyojishika kwenye himoglobini. Kwa mtu mwenye selimundu au upungufu wa damu, kipimo hicho kinaweza kupotosha.

Sasa tumjibu shangazi. Figo huchuja glukosi na kuirudisha yote kwenye damu mpaka kiwango chake kinapopita takriban milimoli 10 kwa lita. Hapo ndipo glukosi huanza kuonekana kwenye mkojo. Mtu mwenye 6.5 hawezi kuvuta sisimizi. Kwa hiyo mkojo usio na sukari *hauthibitishi* kwamba mtu yuko salama. Anayesubiri sisimizi amesubiri hatua nzima ipite.

Na mjomba? 6.5 haijafika 7.0. Tena kipimo kimoja cha kidole hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Bibi yuko katika hali ya kabla ya kisukari, na anahitaji kurudia kipimo ili kuthibitisha.

6. Kwa nini hata Bahi?

Wilaya ya Bahi iko magharibi ya Jiji la Dodoma, kwenye uwanda wa kati wenye msimu mmoja wa mvua. Watu wengi ni wakulima na wafugaji: uwele na mtama vinavyostahimili ukame, alizeti, na mpunga katika mabonde. Mtahiniwa anaweza kudhani kisukari ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye magari. Chunguza mambo matatu.

*Kazi ya mwili imepungua.* Mashine ya kusaga imechukua nafasi ya kinu na mchi, bodaboda imechukua nafasi ya miguu. Hakuna anayetamani kurudi kwenye taabu ile, lakini misuli iliyokuwa ikichoma glukosi kila siku sasa imepumzika. Kilimo chenyewe ni cha msimu. Mwili unaolima kwa nguvu wakati wa mvua unaweza kukaa sana kivulini wakati wa kiangazi, huku chakula kikibaki kilekile.

*Chakula kimebadilika.* Sembe iliyokobolewa, maandazi, chai yenye vijiko vinne vya sukari na soda hufikisha glukosi kwenye damu haraka. Unga usiokobolewa una nyuzinyuzi zinazopunguza kasi hiyo. Ute wa mlenda nao ni aina ya nyuzinyuzi, na husaidia kupunguza kasi ya ufyonzwaji wa glukosi.

*Dhana potofu.* Wengi husema ugali wa mtama au wa uwele "hauna sukari". Ni wanga, na wanga wote huishia kuwa glukosi. Ubora wake ni nyuzinyuzi, na faida hiyo hupungua sahani ikijaa kupita kiasi au unga ukikobolewa.

7. Kusoma takwimu kwa uangalifu

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari walikuwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Lakini karibu watu 8 kati ya 100 walikuwa na sukari iliyopanda bila kufikia kisukari baada ya kunywa glukosi. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kisukari kwa takriban watu 9 kati ya 100.

Ukiulizwa, usikimbilie kuandika "kisukari kimeongezeka mara kumi". Utafiti wa kwanza ulikuwa wa vijijini na ulihusisha pia vijana. Wa pili ulikuwa wa nchi nzima, wa watu wazima, na ulipima sukari kwa njia nyingine. Sema hivi: *takwimu zinaashiria ongezeko, lakini ukubwa wake hauwezi kukokotolewa moja kwa moja kwa sababu makundi na njia za upimaji vinatofautiana.* Wala usiziite takwimu za Bahi. Tazama pia kwamba hata mwaka 1989, wakati kisukari kilikuwa adimu vijijini, hatua ya kabla yake ilikuwa tayari ipo.

8. Je, hali hii inarudi nyuma?

Ndiyo, kwa watu wengi. Hili ndilo jambo la kushika kuliko yote katika mada hii.

Misuli inapojikunja wakati wa kazi, protini za kubebea glukosi husogea kwenye utando kwa njia nyingine *isiyohitaji insulini*. Ni kama mwenyeji kufungua mlango mwenyewe bila kusubiri hodi. Ndiyo maana kutembea kwa haraka baada ya chakula hushusha sukari hata kwa mtu mwenye usugu. Kwa saa kadhaa baadaye seli huitikia insulini vizuri zaidi, kisha athari hupungua. Kwa hiyo zoezi linatakiwa kurudiwa mara kwa mara.

Kupunguza uzito uliozidi huondoa mafuta ndani ya ini na misuli, na ishara ya insulini hupita tena.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha zaidi ya watu 3,000 wenye hali ya kabla ya kisukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, ikilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliotumia dawa ya metformini, hatari yao ilipungua kwa asilimia 31.

*Mfano wa hesabu:* Bibi ana kilo 70 na uzito wake umezidi. Asilimia 7 ya 70 ni kilo 4.9. Dakika 150 kwa wiki ni dakika 30 kwa siku 5. Hayo ni malengo yanayofikika bila kulipia chochote.

*Tahadhari:* Haya ni ya kuzuia. Mtu ambaye tayari anatumia dawa za kisukari asiziache kwa sababu ya mazoezi au mitishamba bila kuongea na mhudumu wa afya.

9. Swali la mfano

Jedwali linaonyesha data za mfano za watu watatu walionywa gramu 75 za glukosi. Glukosi iko katika milimoli kwa lita. Insulini ya dakika ya 60 iko katika vipimo vya kulinganisha.

| Mtu | Dakika 0 | Dakika 60 | Dakika 120 | Insulini |
|---|---|---|---|---|
| P | 4.8 | 7.2 | 5.6 | 60 |
| Q | 6.3 | 9.7 | 8.6 | 130 |
| R | 8.1 | 14.8 | 13.6 | 40 |

(a) Taja hali ya kila mtu. (alama 3)
(b) Q ana insulini nyingi kuliko P, lakini sukari yake iko juu zaidi. Eleza. (alama 4)
(c) Mkojo wa nani unatarajiwa kuwa na glukosi? Toa sababu. (alama 3)

Jibu

(a) P ni wa kawaida. Q yuko katika hali ya kabla ya kisukari. R ana viwango vya kisukari.

(b) Seli za Q zina usugu dhidi ya insulini: haziitikii vizuri ishara yake. Glukosi inabaki kwenye damu. Seli beta hujibu kwa kutoa insulini zaidi ili kufidia. Fidia hiyo haitoshi, kwa hiyo sukari inabaki juu ya kawaida.

(c) R pekee. Sukari yake imepita milimoli 10 kwa lita, kiwango ambacho figo hushindwa kurudisha glukosi yote kwenye damu. P na Q hawakufikia kiwango hicho.

*Kosa la kuepuka:* Katika (b), kuandika "kongosho la Q halitoi insulini". Jedwali lenyewe linakukanusha. Soma data kabla ya kukumbuka ulichokariri.

10. Mazoezi

1. Toa tofauti mbili kati ya usugu wa mwili dhidi ya insulini na usugu wa bakteria dhidi ya dawa.
2. Lebo ya kinywaji inaonyesha gramu 11 za sukari katika kila mililita 100. Kokotoa sukari iliyomo katika chupa ya mililita 350.
3. Eleza kwa nini kipimo cha sukari kabla ya kula kinaweza kuwa cha kawaida ilhali mtu ameanza kuwa na usugu.
4. Mkulima wa Bahi hulima kwa nguvu wakati wa mvua na hukaa bila kazi kiangazi chote. Eleza mabadiliko yanayoweza kutokea katika mwitikio wa misuli yake kwa insulini.
5. Andika, kwa sentensi zisizozidi nne, maelezo utakayompa bibi mwenye kikaratasi cha 6.5.

Majibu kwa ufupi

1. Usugu dhidi ya insulini hutokea katika seli za mwili na hauambukizi. Usugu dhidi ya dawa hutokea katika bakteria, na bakteria hao wanaweza kuenea kwa watu wengine.
2. 11 × 3.5 = gramu 38.5.
3. Kongosho hutoa insulini nyingi na kufidia, hivyo glukosi hubaki katika kiwango cha kawaida.
4. Wakati wa kazi, misuli hutumia glukosi nyingi na huitikia insulini vizuri. Kiangazi mwitikio huo hupungua, hasa ulaji usipobadilika.
5. "Bibi, hujapata kisukari, lakini sukari yako imepanda kidogo, na usingoje dalili kwa sababu hatua hii haina dalili. Turudi kituo cha afya wapime tena ili tuthibitishe. Jioni tutatembea pamoja nusu saa, na chai tutapunguza sukari, sote nyumbani, si wewe peke yako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu bado ni ufa."